Ndoo ya Maji ya Jiki

Asubuhi ile redio ilipotangaza kwamba baraza la mawaziri limepanguliwa, mgahawa wa Hamidi karibu na soko la Bukoba ulichemka kuliko supu iliyokuwa jikoni. Waziri wa Kilimo alikuwa amehamishiwa Uchukuzi. Nafasi yake alipewa mtu ambaye mpaka juzi alikuwa Michezo. Mwalimu Haidari, mstaafu mwenye ndevu nyeupe na ubishi wa kijana, alipiga meza mpaka vikombe vikaruka.

"Huyu wa Michezo anajua nini kuhusu mibuni? Mgomba ataupulizia filimbi ndipo uzae?"

Watu wakacheka. Hamidi, aliyekuwa akikatakata chapati nyuma ya kaunta, hakucheka.

"Mwalimu, unawaonea watu. Waziri hatakiwi kujua kulima. Waziri ni msimamizi tu. Kazi ya kujua ni ya wataalamu, na wataalamu wapo. Wanasimama pembeni yake, akikosea wanamwambia."

"Wanamwambia?"

"Sasa wanalipwa mshahara wa nini?"

Nikarudisha kipande cha chapati kwenye sahani. Mtaalamu wa pembeni ni mimi. Sitoi mfano. Miezi minne iliyopita Waziri huyo huyo aliyehamishwa alisimama kwenye kibanja cha shangazi yangu kule Izigo, nami nilikuwa pembeni yake, hatua moja, nimeshika ndoo. Wale jamaa wangelijua hilo wangeninyima hata chumvi. Nikalipa, nikatoka, nikaenda stendi kutafuta gari la Muleba. Nilikuwa nimelala Bukoba kwa ajili ya karatasi zangu za kustaafu, na shangazi nilikuwa nimemwahidi kwamba nitapitia kwake. Ahadi hiyo nilikuwa nimeikwepa kwa wiki tano.

Naitwa Mwesiga. Cheo changu ni afisa ugani wa kata, ila wazee bado wananiita bwana shamba, na jina hilo nalipenda zaidi. Nimebakiza miezi minane nistaafu. Utaalamu wangu sikuuokota njiani: nilisomea kilimo Maruku, na aliyenisomesha ni mgomba. Baba alifariki nikiwa darasa la tano, akanichukua dada yake, Shangazi Verdiana, aliyekuwa ameolewa Izigo kwa mzee Ildefons. Kila mkungu uliozidi chakula cha nyumbani uliuzwa barabarani, na kila gunia la buni, ili mimi nikajifunze namna ya kuitunza migomba hiyo hiyo. Siku nilipopata cheti alisema mbele ya watu kwamba sasa kibanja chake kimepata mtu wa kukisemea. Watu walipiga makofi, nami nilijiona mkubwa sana.

Kwa asiyekujua kwetu, kibanja si shamba la kwenda asubuhi na kurudi jioni. Nyumba imo ndani yake. Migomba inaizunguka mpaka dirishani, mibuni iko chini ya migomba, na makaburi ya wenye nyumba yamo humo humo. Mzee Ildefons alizikwa chini ya migomba iliyopandwa na baba yake. Mtu wa kwetu akikwambia kibanja chake kimekufa, mpe pole ya msiba, maana ndiyo anayoisubiri.

Na kuna ugonjwa unaitwa mnyauko. Majani yananyong'onyea kama yamemwagiwa maji ya moto, ndizi zinaiva kabla ya wakati wake, ukizikata unakuta kahawia ndani, na shina linatoa usaha wa njano. Hauna dawa. Lakini ugonjwa huo unapenda sana kusafiri kwenye panga. Ukikata mgomba mgonjwa, kisha ukagusa mzima kwa panga lile lile, umeupanda kwa mkono wako mwenyewe. Kwa hiyo tunafundisha kwamba mgonjwa ang'olewe siku ile ile anapoonekana, na panga lipite motoni au kwenye maji ya jiki kabla halijagusa mwingine. Somo zima ni hilo. Nimelisema kwa miaka kumi na tano, mikutanoni, misibani, hata nje ya kanisa watu wakitoka misani.

Shangazi alilishika kuliko wote. Jiki hakuwa nayo, alitumia moto wa jikoni. Alipogoa mgomba mmoja, akarudi kuchoma panga, akaenda kwa wa pili, akarudi tena. Majirani walimcheka, wakasema bibi huyu anachoma panga kama anachoma muhogo. Alicheka nao, akaendelea kuchoma. Vibanja vya wenzake vilipoanza kuanguka, chake kilibaki kimesimama.

Siku moja mwezi wa pili akanipigia simu. "Mwesiga, mmoja umeugua. Ule wa karibu na njia." Nikapanda pikipiki nikaenda. Kweli, mmoja tu, katika migomba zaidi ya mia mbili. Nilikuwa nimeshavua shati niung'oe, simu ikaita. Alikuwa Mujuni, mkuu wetu wa idara. Waziri anakuja Muleba, akasema, na anataka kuona mnyauko. Je, namfahamu mkulima mwenye ugonjwa kidogo, karibu na barabara, mahali pasafi? Mimi, kwa ujinga na kwa fahari, nikamtaja shangazi. Niliwaza kwamba Waziri ataona kibanja kinachotunzwa kama inavyotakiwa, atakwenda kulisimulia hilo kwa wakubwa wenzake, na wakulima wengine watapata cha kuiga.

"Vizuri sana," akasema Mujuni. "Basi huo mgomba usiguswe. Waziri ataukata mwenyewe mbele ya kamera."

"Mkuu, kila siku unaokaa hapo ni hatari. Nyuki wanatua, mbuzi wanapita."

"Ni siku tatu tu, bwana. Usiwe mgumu."

Zikawa kumi na moja. Ziara iliahirishwa mara mbili. Shangazi aliuzungushia mgomba ule kamba, akazuia mbuzi, akakaa na fimbo mchana kutwa. Mara nne alinipigia kuuliza kama aung'oe, na mara nne nilimwambia asubiri. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema. Sisi ule ufa tuliuwekea mlinzi.

Waziri alifika Jumatano na magari kumi na manne. Lazima niseme kweli, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwanasheria, msomi, mpole. Viatu vyake vya mvua vilikuwa vipya kiasi kwamba lebo bado imeganda kwenye soli. Watu walipomwamkia "Kasinge waitu!" alijaribu kuitikia kwa Kihaya, akakosea, akajicheka mwenyewe kabla hatujamcheka. Shangazi alimletea buni za kutafuna kwenye kijikapu, kama tunavyomkaribisha mgeni, naye akatafuna bila kukunja uso. Nilimpenda, na mpaka leo hilo linaniuma.

Mpango ulikuwa umeandikwa kwenye karatasi. Waziri apewe panga la marehemu Ildefons, akate mgomba mgonjwa, kisha alitumbukize panga kwenye ndoo ya maji ya jiki niliyoishika mimi, nami nieleze sababu kwa dakika mbili. Dakika hizo nilikuwa nimezifanyia mazoezi mbele ya mke wangu mpaka akanichoka.

Akapewa panga, akakata. Mgomba ukaanguka, vigelegele vikapigwa. Nikasogea na ndoo yangu. Lakini mpiga picha mmoja akasema hakupata vizuri. "Mheshimiwa, tunaomba tena." Tena vipi, na mgomba umeshalala? Waziri akageuka, akaona mgomba mwingine mbele yake, mzima, wenye majani mawili makavu yanayoning'inia. Akayakata. Vigelegele. Akanogewa. Akaenda kwa unaofuata, akapogoa, akaenda kwa mwingine, huku akiieleza kamera kwamba usafi wa shamba ndiyo kinga ya kwanza, maneno ambayo hayana kosa hata moja. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Nadhani utotoni alifyeka. Panga lilikuwa linateleza kwa utomvu. Nilimfuata nyuma na ndoo, nikihesabu. Alipofika wa kumi na saba akasimama.

Akajifuta jasho, akanigeukia. Hakumuuliza Mujuni wala mkubwa mwingine yeyote. Aliniuliza mimi.

"Mtaalamu, mbona kimya? Niko sawa, au nimekosea mahali?"

Nimelirudia swali hilo kichwani mara nyingi, nikitafuta dharau ndani yake ili nipate pa kuegemea. Haimo. Mtu aliuliza kwa sababu hakujua na alitaka kujua. Mujuni alinitazama, ndiyo, lakini hakunishika mdomo. Nilichokiona mimi wakati ule kilikuwa kisiwa cha Goziba. Nikiwa na miaka thelathini na miwili nilimsahihisha mkubwa mmoja mkutanoni kuhusu dawa ya mibuni. Haki ilikuwa yangu kabisa. Wiki mbili baadaye nikapewa barua: bwana shamba wa Goziba, mwamba katikati ya ziwa, ambako watu wanavua na hakuna anayelima. Nilikaa huko miaka sita, na mwanangu wa kwanza alianza kutembea sijamwona. Sasa nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja wa kazi, na karatasi zangu zilikuwa mezani kwa Mujuni zikisubiri saini.

"Uko sawa kabisa, Mheshimiwa," nikasema. "Safi sana."

Akafurahi. Akanipa mkono, ule ule wenye utomvu, akaenda kuzungumza na wazee. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na kitenge chake cha Pasaka, anatabasamu. Kwenye ndoo maji yalikuwa hayajaguswa, nikayamwaga nyuma ya gari.

Jioni ile sikuweza kurudi Izigo. Walinichukua Bukoba kuandika taarifa ya ziara, siku sita, na taarifa ikasema kwamba ziara ilifana. Lakini simu nilikuwa nayo. Ningempigia nimwambie: Shangazi, choma panga, ng'oa ile kumi na saba leo hii. Kila jioni niliitoa simu mfukoni. Kila nilipofikiria swali lake la kwanza, mbona hukusema, niliirudisha. Nikajidanganya kwamba labda ugonjwa haukushika, kana kwamba mnyauko nao unaogopa cheo. Niliona aibu, na aibu yangu nikaipa uzito kuliko kibanja kilichonisomesha. Sina namna nzuri zaidi ya kulisema hilo.

Ambalo sikulijua wakati ule ni kwamba panga nalo lilikuwa limepata cheo. Kesho yake asubuhi jirani, Consolata, alikuja kuliazima. Panga alikuwa nalo kwake, zuri tu, lakini alitaka lile lililoshikwa na Waziri, akapogolee nalo kidogo. Kwetu mgeni wako ni mgeni wa majirani wote, na heri aliyoiacha haifungiwi ndani. Ukiwanyima wenzako utaitwa mchoyo mpaka unaingia kaburini. Shangazi akampa. Wakaja wengine, akawapa. Lilizunguka nyumba tisa, na mkwe wa mmoja wao akalipeleka hadi Kishanda. Kote lilikopita hakuna aliyelichoma moto. Waziri hakulichoma, walimwona kwa macho yao. Na walimsikia bwana shamba wao akisema safi sana.

Wiki ya nne majani yakaanza kulegea. Kwanza ile kumi na saba niliyoihesabu, kisha thelathini, kisha nikaacha kuhesabu. Vibanja vya watu tisa, na habari za Kishanda zikaja baadaye. Nilipita nyumba kwa nyumba kufundisha upya moto na jiki, watu wakanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeanza kuchanganyikiwa.

"Bwana shamba," Consolata akaniuliza, "kwani wewe unajua kuliko Waziri?"

Jibu lake ni ndiyo, tena ndiyo fupi tu. Lakini ukilitoa jibu hilo unaulizwa lingine, na hilo lingine sikulitaka. Nikamwambia maelekezo yamebadilika. Akatikisa kichwa, akaendelea kupepeta maharage yake.

Basi ndivyo nilivyofika Izigo mchana huo, baada ya kusikiliza abiria wakibishana tangu Kemondo kama Waziri mpya ataweza au hataweza. Nilishuka mahali ninaposhuka tangu utotoni, na kitu cha kwanza nilichokiona ni nyumba. Maisha yangu yote nyumba ya shangazi haikuwahi kuonekana kutoka barabarani. Unafuata njia, unainama chini ya majani, unasikia kuku, ndipo unaiona. Sasa ilikuwa imesimama uchi, bati lina kutu, na ukuta ule mweupe uliozoea kivuli umeanza kupasuka. Kaburi la mzee Ildefons nalo lilionekana, juani, msalaba wake umeinama. Migomba ilikuwa imeng'olewa yote. Mibuni iliyobaki bila kivuli ilikuwa imekunja majani. Katikati alikuwa amepanda mihogo, imefika magotini.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwana wange. Umekonda. Hawakulishi huko mjini?"

Akaniingiza ndani, akaniwekea chakula. Ulikuwa ugali wa muhogo na dagaa. Tangu nipate akili sikuwahi kula katika nyumba ile bila ndizi. Akaona naitazama sahani, akaniomba radhi. Aliniomba radhi mimi! Akasema ndizi za kununua alipita kuziona gengeni, akashindwa kuzishika, akarudi.

"Nimemuuliza katekista," akasema, "kama nikifa watanizika pale pale na mzee. Amesema ndiyo. Ila naona pana jua sana."

Nikamega ugali.

"Redio inasema Waziri wetu amehamishwa," akaendelea. "Alikuwa mtu mwema. Alitafuna buni zetu."

"Mwema, Shangazi."

Alikuwa anasugua kidole gumba kwenye ukingo wa meza, kama afanyavyo akiwa na neno zito.

"Mwesiga, nataka kukuuliza kitu, usinikasirikie. Siku ile niliona panga halikupita motoni. Nililiona, waitu. Miguu ikataka kwenda. Nikajiambia, Verdiana, wewe umesoma wapi? Mwanao yuko pale pale pembeni, amesoma. Kungekuwa na kosa angesema. Nikakaa kimya, nikafurahi na wenzangu." Akainua macho. "Sasa kila siku nakumbuka ile ndoo uliyokuwa umeishika. Najiuliza, labda dawa ilikuwa humo, labda panga lilitumbukizwa nisione. Ile ndoo, mwanangu, ilikuwa na nini?"

Mujuni hakuwepo. Kamera hazikuwepo. Karatasi zangu zilikuwa zimeshasainiwa, nilizisaini na kuzipokea jana yake Bukoba, zilikuwa kwenye begi miguuni pangu. Hapakuwa na Goziba ya kunipeleka tena. Alikuwepo mwanamke mmoja mzee, aliyeuza ndizi ili mimi nijue, ananiuliza kama Waziri alivyoniuliza, kwa sababu hajui na anataka kujua.

"Maji, Shangazi," nikasema. "Ya Waziri kunawa mikono."

Akafikiri. Akatazama nje mlangoni, kule penye mihogo.

"Basi hata mikono hakunawa," akasema. "Pole, mwana wange. Ulichoka kuibeba bure."

Akavuta sahani yangu, akaniongezea ugali.